UZI: Nani hasa aliitunga "Jole Blon"? Walsi ya fidla yenye wenyewe wengi

Mwana Chumbageni (mleta mada)

Wakuu, salaam. Uzi ni mrefu, mwenye chai yake aisogeze karibu.

Wanaonifahamu humu wanajua nilikuwa napiga fidla kwenye kikundi cha taarab Tanga kabla sijaja huku Houston kuendesha malori. Fidla nilikuja nayo, lakini miaka minne imelala juu ya kabati kama sanduku la marehemu. Mwezi uliopita nikashusha mzigo Lake Charles siku ya Ijumaa, kesho yake sina safari. Jamaa mmoja wa ghala akaniambia, kama wewe ni mtu wa fidla, panda mpaka Eunice, Louisiana, kuna duka la kodiani la Marc Savoy, kila Jumamosi asubuhi wapigaji wa muziki wa Wakajuni wanakutana pale wanapiga.

Nikaenda. Wazee wamekaa duara katikati ya duka: fidla nne, kodiani, gitaa mbili, na kijana mmoja anagonga pembetatu ya chuma. Mezani kuna soseji za wali na nguruwe, nikazipita kwa heshima nikachukua kahawa.

Basi mzee mmoja, fidla kaiegemeza chini kidogo ya bega, akaanza bila kuhesabu. Mimi macho yote kwenye mkono wake wa upinde. Hapigi uzi mmoja! Upinde umelalia nyuzi mbili muda wote: wa chini unanguruma pale pale, wa juu ndio unaosimulia. Sisi kwenye taarab fidla inamfuata mwimbaji kwa adabu, inajibu akinyamaza. Yule mzee fidla yake ilikuwa inalia na kujibembeleza yenyewe. Moja-mbili-tatu, moja-mbili-tatu, na ile moja kaikanyaga kweli kweli.

Walipomaliza nikamuuliza mama aliyekaa jirani yangu, hii inaitwaje? "Jole Blon." Nani katunga? "Harry Choates." Mzee mwenye fidla akatikisa kichwa: "Hapana, Cleoma." Wa tatu huko nyuma akasema hakuna aliyeitunga, ilikuwepo.

Mimi nikarudi Houston na usingizi ukakata. Nimesoma na kusikiliza wiki tatu. Natupia nilichopata.

kapuku_mstaafu

Kiti cha mbele kabisa. Shusha mkuu.

Nyundo7

Weka nyama. Ila kwanza hao Wakajuni ni kabila gani? Wahindi Wekundu?

Mwana Chumbageni

Hapana mkuu Nyundo7, ingawa damu imechanganyika. Wakajuni ni watu wenye asili ya Kifaransa waliokuwa wakiishi Akadia, kwenye ardhi ambayo leo ni Nova Scotia na majirani zake huko Kanada. Waingereza walipoitawala wakawataka wale kiapo cha utii kisicho na masharti. Wakagoma. Mwaka 1755 wakaanza kukamatwa, nyumba zikachomwa, wakapakiwa kwenye meli na kutawanywa. Wenyewe wanauita Mvurugo Mkuu. Kundi la kwanza kubwa lilifika Louisiana 1765, na mwaka 1785 zikaja meli saba kutoka Ufaransa na watu kama 1,600. Jina Kajuni ni Akadia hiyo hiyo iliyolika mdomoni.

Sasa sikiliza, watu wengi wanadhani walikuja na walsi, ile dansi ya Ulaya ya moja-mbili-tatu, kwenye meli. Si kweli. Mwaka 1755 walsi ilikuwa bado haijashika hata Ulaya kwenyewe. Walikuja na nyimbo za mdomo na ngoma za kikundi, fidla ikiwa chombo kikuu. Walsi iliingia Louisiana karne ya 19 pamoja na polka na mazurka, ikakuta fidla inaisubiri.

Na pale nyumbani kwao ndipo ilipobadilika sura. Ngoma zilichezwa majumbani: samani zinatolewa nje, watoto wanalazwa chumba kimoja wote, wakubwa wanacheza mpaka alfajiri. Hakuna spika. Fidla moja dhidi ya miguu ya watu arobaini juu ya sakafu ya mbao! Ndiyo maana ya zile nyuzi mbili kwa mpigo, ni kutafuta sauti. Ndiyo maana pia waimbaji wao wanaimba juu sana, karibu na kupiga kelele. Fidla zikiwa mbili, ya kwanza inashika wimbo, ya pili inakwaruza chini kwa kufuata mapigo, kazi ambayo baadaye gitaa liliichukua.

Kodiani ilikuja baadaye, za Kijerumani, vitufe kumi tu upande wa wimbo. Ina kelele kuliko fidla tatu, lakini sauti nyingine haina kabisa. Kwa hiyo nyimbo za zamani za fidla ilibidi zipunguzwe zienee kwenye vitufe kumi. Ukisikia walsi ya Kikajuni imenyooka, haina kona nyingi, ujue imepita kwenye tundu la kodiani.

Bint Mtang'ata

Hapo kwenye kulaza watoto nimecheka, ni harusi za kwetu kabisa. Chumba cha mwali pembeni watoto kumi na tano wamelala kama dagaa. Endelea kaka.

Mwana Chumbageni

Dada umenikumbusha, wana jina la hizo ngoma, *fais do-do*, maneno ya kumbembeleza mtoto alale.

Tuje kwenye wimbo wenyewe. Ushahidi wa kwanza tunaoweza kuushika mkononi ni santuri. Tarehe 18 Aprili 1929, mjini Atlanta, ndugu watatu wa familia ya Breaux waliingia studio ya kampuni ya santuri ya Columbia: Amédée kwenye kodiani na kuimba, Ophy kwenye fidla, na dada yao Cleoma kwenye gitaa. Walirekodi walsi waliyoiita "Ma blonde est partie", yaani mpenzi wangu kaondoka. Ndiyo hiyo hiyo. Tafuteni muisikilize, inakwaruza kama mchanga, lakini fidla ya Ophy utaisikia ikimfuata kaka yake nyuma nyuma kama kivuli.

Cleoma hakuwa mgeni wa studio. Mwaka mmoja nyuma, Aprili 1928, yeye na Joe Falcon, ambaye baadaye alikuja kuwa mumewe, walirekodi New Orleans santuri ya kwanza ya Wakajuni. Inasimuliwa kwamba watu wa Columbia walipowaona, kodiani moja na gitaa moja tu, walitaka kuwarudisha nyumbani, mpaka sonara mmoja wa mji wa Rayne aliyewapeleka akasema atanunua nakala mia tano yeye mwenyewe.

Kwa nini kampuni kubwa ihangaike na wakulima wasiojua Kiingereza? Biashara. Mtu hanunui gramafoni kama hakuna santuri ya lugha yake. Na mwaka ule ule wa 1928, Siti binti Saad wetu alisafirishwa kutoka Unguja mpaka Bombay kurekodiwa Kiswahili na kampuni ya santuri ya HMV. Hesabu ni ile ile, bahari tofauti.

Mzee Kidawa

Mwanangu, umesema vizuri. Lakini kurekodi si kutunga. Sisi tuliowahi kukaa na wazee wa taarab tunajua nyimbo ngapi zimewekwa jina la aliyefika studio kwanza.

Mwana Chumbageni

Shikamoo mzee wangu. Hapo hapo ndipo nilipokuwa naelekea.

Kuna madai matatu.

La kwanza ni kwamba maneno ni ya Cleoma, na kwamba alimwandikia kaka yake Amédée kuhusu mkewe wa kwanza aliyemkimbia. Yaani jamaa anaimba aibu yake mwenyewe kwenye santuri, dada yake yuko pembeni anampigia gitaa. Mimi hili linaniingia, kwa sababu maneno yenyewe ni ya mtu anayelalamika kabisa: tazama ulichofanya, umeniacha ukaenda na mwingine, nami nina tumaini gani tena. Halafu anajikaza, wanawake wazuri wapo wengi.

La pili linatoka kwa Dennis McGee. Huyu ni mpiga fidla aliyezaliwa 1893 na kufariki 1989, na kichwani alikuwa na nyimbo za kabla ya kodiani, walsi, mazurka na vitu ambavyo miguu ilishavisahau. McGee alisema wimbo wa asili ulikuwa wa mpiga kodiani Angelas LeJeune, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, na ukiitwa "Binti wa Mjane". Cleoma akabadilisha maneno tu.

La tatu ni la yule mzee wa nyuma pale dukani: ilikuwepo. Na mimi nimeegemea huko, angalau kwa upande wa sauti. Sababu yangu ni hii. Mwaka 1935 mpiga fidla Leo Soileau alirekodi "La Valse de Gueydan", Gueydan ni mji mdogo wa wakulima wa mpunga. Jina tofauti kabisa, lakini weka sikio: ni walsi ile ile. Kama wimbo ungekuwa unajulikana kuwa mali ya akina Breaux, miaka sita baadaye mtu wa jirani angeuita jina la mji? Kwao walsi ilikuwa kama kitenge cha kukopeshana, leo mimi nimevaa na jina langu, kesho wewe.

Nyundo7

Kwa hiyo ni Malaika ya Wamarekani. Fadhili William karekodi, Adam Salim akasema yangu, na Watanzania na Wakenya mpaka leo hawaelewani.

Mwana Chumbageni

Inakaribia, ila kuna tofauti. Kwenye Malaika watu wanagombea mtunzi. Hapa hata jina la wimbo halikuwa limetulia.

Bint Mtang'ata

Mimi nina swali la kike. Huyo mwanamke alikuwa mzungu wa nywele za dhahabu kweli, au ni maneno tu? Maana Louisiana niliyoiona mimi kwenye televisheni watu wana nywele nyeusi.

Mwana Chumbageni

Swali zuri kuliko yote mpaka sasa. Kwa Kifaransa cha Kanada, *ma blonde* ni mpenzi wangu wa kike tu, nywele zake ziwe rangi yoyote. Kuna wimbo wa Ufaransa wa karne ya 17 unaotumia neno hilo hivyo hivyo. Kwa hiyo soma "mpenzi wangu mzuri" na uachane na rangi ya nywele. Ni kama sisi tunavyoimba "mweupe wangu" kwa mtu mweusi ti.

kapuku_mstaafu

Mkuu nimekuwa kimya nasoma, ila kuna kitu kinanikereketa. Historia yote hii ni ya wazungu. Louisiana ilijaa watu wetu waliopelekwa utumwani. Hawakupiga fidla hao?

Mwana Chumbageni

Walipiga, na hapa naomba nikae kidogo.

Tarehe 9 Desemba 1929, New Orleans, Dennis McGee yule yule aliingia studio na mpiga kodiani mweusi, Amédé Ardoin. Mzungu na mweusi, Kusini ya Marekani, mwaka 1929, kwenye santuri moja. Walikuwa wakilima shamba la tajiri mmoja kwa kugawana naye mavuno, wakitoka shambani wanakwenda kupiga ngoma. Ardoin alikuwa na sauti inayokata kama wembe, na walsi zake nusu yake ni kilio. Wapigaji wazungu waliomfuata wamejifunza kwake, wenyewe wanakiri. Alirekodi mara ya mwisho New York, Desemba 1934.

Mwisho wake unauma. Inasimuliwa kwamba alikuwa anapiga kwenye nyumba ya wazungu, jasho linamtoka, binti wa nyumba akampa leso ajifute. Wanaume wawili walimsubiri njiani usiku, wakampiga, na hakurudi kuwa mzima tena. Alifia hospitali ya wagonjwa wa akili Pineville mwaka 1942.

Tena kapuku umenigusa kwenye fidla yenyewe. Oktoba 1929 mpiga fidla mweusi Douglas Bellard alirekodi walsi ya mfungwa aliyehukumiwa kifungo cha maisha. Miaka mingi baadaye Canray Fontenot, naye mweusi, akaiimba upya kama "Les Barres de la Prison", vyuma vya jela, na sasa hakuna mpiga fidla wa Kikajuni asiyeijua. Canray fidla yake ya kwanza aliiunda mwenyewe kwa boksi la sigara, nyuzi zake ni waya aliouchomoa kwenye wavu wa mlango. Mnaikumbuka zeze ya kopo tuliyokuwa tunatengeneza utotoni? Ndiyo hiyo.

Na mwendo wake ni ule ule wa Jole Blon. Wimbo unabaki, jina na mwenyewe vinabadilika.

kapuku_mstaafu

Ahsante mkuu. Hiyo ya leso imenitoa hamu ya chai.

Nyundo7

Sasa Harry Choates wa yule mama wa mwanzo anaingilia wapi?

Mwana Chumbageni

Miaka ya thelathini mafuta yameshachimbwa, barabara zimefika, redio inaleta muziki wa Texas. Na shuleni, katiba ya jimbo ya 1921 ilishaamua kwamba kufundisha ni kwa Kiingereza tu. Watoto walioongea Kifaransa uwanjani waliadhibiwa, wengine wakiandikishwa mstari mmoja mara mia. (Waliosoma enzi za kuvalishwa kibao shingoni kwa kuongea lugha ya nyumbani wanaelewa.) Kodiani ikaonekana kitu cha ushamba, ikawekwa kando. Fidla ikarudi mbele.

Kundi la Hackberry Ramblers ndilo lililotamba. Mpiga fidla wao, Luderin Darbone, alitaka spika, lakini kumbi nyingi za vijijini hazikuwa na umeme. Akawa anaegesha gari lake, Ford Model T, nje ya ukumbi, injini inanguruma usiku kucha, umeme wa spika unatoka humo. Mimi kama dereva nimempenda bure. Ni hao waliorekodi walsi yetu mwaka 1936 kwa jina la "Jolie Blonde". Kwa hiyo jina linalojulikana dunia nzima lilikuja miaka saba baada ya santuri ya kwanza.

Halafu 1946. Harry Choates, kijana wa Port Arthur, Texas, mlevi na fundi kwelikweli wa fidla, akairekodi Houston kwenye kampuni ndogo ya Gold Star. Mwenye kampuni, Bill Quinn, Kifaransa hakijui, na kwenye santuri likaandikwa "Jole Blon", kama lilivyosikika. Kosa la tahajia ndilo limekuwa jina rasmi! Mwanzoni mwa 1947 ilifika nafasi ya 4 kwenye chati ya taifa ya jarida la muziki la Billboard, walsi ya Kifaransa kutoka vijijini. Haraka haraka wakubwa wa muziki wa country wakaidaka: Red Foley, Roy Acuff, na Moon Mullican ambaye aliweka maneno ya Kifaransa cha uongo na kutaja vyakula. Mwaka 1958 Waylon Jennings kijana, akisimamiwa na mwanamuziki wa rock Buddy Holly, aliifanya santuri yake ya kwanza. Wote wawili Kifaransa sifuri, wakayaandika maneno kwa kusikiliza tu santuri ya Choates. Ni sisi na nyimbo za Kilingala, hakuna cha kucheka hapo.

Choates mwenyewe hakuona faida. Wanasema haki za wimbo aliziachia kwa dola 100 na chupa ya wiski. Julai 1951 aliwekwa mahabusu Austin kwa kutolipa matunzo ya watoto, siku chache baadaye akafia humo. Miaka 28.

Kwa hiyo yule mama wa Eunice hakukosea sana. Ukisema wimbo, ni wa wazee wasio na majina. Ukisema maneno, nampa Cleoma. Lakini ile fidla mnayoisikia leo, ule mwendo wa pole na kile kilio cha mwanzo kabla mtu hajafungua mdomo, ni Choates. Kila mpigaji wa leo anaanzia kwake.

Mzee Kidawa

Nimeridhika. Sasa niambie jambo la fundi. Kodiani yao ya vitufe kumi, fidla mnaipatanishaje nayo?

Mwana Chumbageni

Mzee, hapo niliumbuka. Kodiani nyingi zimepatanishwa kwenye nota ya C, na wapiga fidla wengi wa kwao huzilegeza nyuzi zote nne hatua moja nzima kwenda chini, ili vidole vikae pale wanapopapenda na nyuzi wazi zingurume. Sikujua. Jumamosi iliyofuata nimekwenda na fidla yangu imekazwa kama ya taarab, nikapiga uzi wazi, duara zima likageuka. Yule mzee akaichukua mikononi mwangu, akazungusha vigingi bila kuuliza, akaijaribu, akanirudishia. Ikawa na sauti nzito, kama mtu aliyeamka sasa hivi.

Bint Mtang'ata

Na ulipiga?

Mwana Chumbageni

Nilikwaruza nyuma nyuma, fidla ya pili. Mara tatu nzima nilipotea kwenye ile nusu ya pili.

Mzee Kidawa

Turekodie kidogo tusikie.

Mwana Chumbageni

Ningependa mzee wangu. Tatizo jana kulikuwa na harusi ya Mmombasa hapa Houston, wakaniomba niwapigie. Nikaanza kuzikaza nyuzi kurudi kwenye taarab, na ule mwembamba ukanikatikia usoni. Wa akiba sina, nimeagiza, unafika Alhamisi. Huu wa humu nauacha wazi mpaka siku hiyo.